Breki za Marehemu

Hivi wewe, ushawahi kukanyaga breki ya gari ukaona mguu unakwenda tu, unakwenda, kama umekanyaga mkate uliolowana na chai? Mie nimekanyaga. Na gari lenyewe siendeshi! Sijawahi kuendesha hata baiskeli, na shule niliiona kidogo tu, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Lakini hii ya breki nitakusimulia mie mwenyewe, maana waliokuwepo walikuwa wanawake watatu na marehemu mmoja, na hao wawili wengine wakisimulia wanaruka ruka.

Sie tunakaa huku Temeke, ndani ndani, tulihamia ikiwa mikorosho mitupu, sasa hivi ukipiga chafya jirani anakuitikia. Mume wangu alikuwa na duka la vitambaa Tandika, na alikuwa na gari. Dogo, la rangi ya maziwa, alilinunua likiwa kuukuu, akakaa nalo mpaka likawa kuukuu zaidi yake. Miezi yake ya mwisho alikuwa haendi popote, kifua kinambana, lakini kila jioni alikuwa anatoka anajikongoja anakwenda kukaa ndani ya gari uani hapo, mlango wazi, anasikiliza redio. Nikimpelekea uji nampelekea kule kule. Namwambia, "Wewe mwanaume, siku moja nitakukuta umeota mizizi humo." Anacheka. Siti ya dereva ikafanya shimo la umbo lake kabisa, ubavu huu umezama zaidi, maana alikuwa anakaa kwa kuegemea upande.

Basi akafa. Alifia kitandani, asubuhi, kwa utulivu. Nikaingia eda.

Eda unaijua? Unakaa ndani, hutoki, hujipambi, unahesabiwa miezi yako mpaka iishe. Chumba changu dirisha lake linatazama uani, na uani kuna gari. Kwa hiyo mie eda yangu nimeikaa nikitazamana na lile gari. Nguo zake zilishagawiwa, kanzu huyu, kofia yule, viatu kachukua mtoto wa jirani vikampwaya. Saa yake ya mkononi ilichukuliwa na mdogo wake. Nyumba nzima ukitafuta alama ya yule mtu huioni. Nilibakiwa na gari.

Sasa sikiliza. Kila asubuhi nikiamka nachungulia, naona kioo cha upande wa dereva kina ukungu. Kwa ndani! Vioo vingine vyote vikavu, kile kimoja tu kimepigwa pumzi, kama mtu kalala humo na uso wake karibu na kioo. Jua likipanda ukungu unaondoka. Kesho yake upo tena. Mie sikuogopa, nisikudanganye. Nilifurahi! Nikawa kila asubuhi nampa salamu yake kupitia nondo za dirisha, "Umeamkaje huko?" Aliyeogopa ni wifi yangu, dada yake mkubwa marehemu, aliyekuja kukaa na mie eda. Kauona ule ukungu kwa macho yake, akaja chumbani mbio.

"Wifi, ndugu yangu hajaondoka."

"Kwani alikuwa na haraka ya wapi?"

"Usinifanyie mzaha! Maiti kaombewa, kazikwa, anafanya nini kwenye gari?"

"Anasikiliza redio."

Hakunisemesha mpaka magharibi.

Baada ya siku chache nikaanza kusikia na harufu. Ukipita karibu na lile gari, jua likiwa kali, yanakuja marashi. Marashi ya waridi, yale yale aliyonyunyiziwa ndani ya sanda. Nilikuwa nikifungua dirisha nayavuta mpaka kifua kinajaa, halafu nafunga nalia, halafu nafungua tena. Nikawa na hakika. Nikasema, huyu mtu yumo, na mie eda ikiisha nitakwenda kukaa naye.

Eda ikaisha. Gari likachukuliwa na mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa kwanza. Huyu binti naishi naye, kasomea ufundi wa magari, anafanya kazi gereji kule Segerea, mikono yake migumu kushinda ya baba yake. Na mie na yeye ni wake wenza, si unajua utani wa bibi na mjukuu? Babu yake alikuwa anamwita mke mdogo. Mie namwita mke mwenzangu, na tukigombana tunagombana kama wake wenza kweli.

Akaliamsha gari. Akabadilisha betri, akajaza tairi upepo, akafunua boneti akachungulia kile na hiki. Mafuta ya breki akayaona yamejaa kwenye kichupa chake, akaridhika. Akasema breki laini kidogo, ni ya kukaa muda mrefu. Tukawa tunatembea nalo humu mitaani, halina neno. Mie nakaa siti ya pembeni nimejitanda khanga yangu, natazama lile shimo limekaliwa na mjukuu, na shimo lenyewe haliwezi kulijaza, kabinti kembamba.

Siku hiyo tukaenda Pugu, kuna mama mwenzangu kafiwa na mtoto. Kwenda, salama. Kurudi ndiyo tunashuka kile kilima. Mbele yetu lori la mchanga linajikokota, mjukuu anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga, anaachia, muda mrefu. Tukafika mahali lori likasimama ghafla. Namwona mjukuu anakanyaga, goti limenyooka lote. Gari linakwenda.

"Bibi, shika!"

"Nishike nini?"

"Popote!"

Akapiga gia ya chini, gari likapiga kelele kama mbuzi, akavuta hendibreki, akakata usukani nje ya barabara, tukaingia kwenye magunia ya mkaa ya watu. Pu! Vumbi jeusi mpaka ndani ya meno. Tukatazamana, wote weusi, macho meupe. Akakanyaga breki tena pale tuliposimama. Ikazama mpaka chini. Akanishika mguu akaniwekea pale.

"Kanyaga mwenyewe uone."

Ndiyo siku hiyo niliyokanyaga mkate wenye chai. Na unajua nini kilinitisha? Yale marashi. Boneti imepata moto, harufu imejaa gari zima, mie nimekaa pale na mkaa mdomoni nasikia harufu ya sanda. Nikasema moyoni, huyu mwanaume anatutaka. Kachoka kukaa peke yake, anatuita.

Habari ikamfikia mwanangu. Anakaa Wazo, jirani na kiwanda cha saruji, lakini alifika Temeke siku ile ile kana kwamba kapaa. Hakukaa hata kitako.

"Shikamoo mama. Mmeumia?"

"Marahaba. Tumechafuka tu."

"Basi gari hili mwisho wake umefika. Linataka kuniulia mama na mtoto kwa mpigo mmoja. Nawaita watu wa skrepa walikatekate waondoke nalo."

Kulikata! Nikaiona ile siti imetupwa juu ya lori, na shimo lake, watu wanaikalia barabarani. Nikamwambia, "Baba yako yumo."

Akanitazama kama wanavyotutazamaga tukishazeeka. "Mama," akasema polepole, "baba yuko makaburini, nimemshusha mwenyewe kwa mikono hii."

Mjukuu akaingilia. "Baba, nipe mpaka Jumapili."

"Ya nini?"

"Nitengeneze breki. Wewe mwenyewe uje ukae kwenye siti, ukanyage, ushuke nalo Pugu."

"Na ikizama?"

"Wakate."

Mwanangu akafikiri, akaninyooshea kidole kwa adabu, kidole cha chini chini. "Jumapili, mama. Mguu wangu ukizama hata kidogo, sitaki kusikia habari ya marehemu."

Basi ndiyo hivyo. Mie nilikuwa namtaka mume wangu abaki uani kwangu, na ili abaki lazima breki isimame. Nikawa nimekamatika kote kote.

Jumamosi asubuhi mjukuu akavaa ovaroli. Wifi yangu naye alikuwepo, alikuja kutusalimia baada ya kusikia ya Pugu, kakaa barazani anachambua mchicha. Mjukuu akafungua boneti, akafungua kile kichupa cheupe cha mafuta ya breki, akachovya kidole, akanusa. Akabaki kainama vile vile.

"Bibi, njoo."

Nikaenda.

"Nusa."

Nikanusa. Marashi ya waridi! Yanatoka ndani ya breki! Nywele zilisimama, wallahi, mpaka zile za mikononi. Nikakalia ndoo iliyokuwa pale. Nikasema, kumbe kaingia mpaka kwenye mishipa ya gari. Na yule mjukuu, fundi mzima, mwanamke wa spana, nikamwona naye anajipangusa kidole kwenye ovaroli, anajipangusa, anajipangusa.

Tukanyamaza. Ndipo nikagundua kwamba na barazani kumenyamaza. Sasa wifi yangu mie si mtu wa kunyamaza. Yule anaongea hata akitafuna. Tukageuka.

"Mbona mnanitazama?" akasema.

"Hakuna aliyekutazama," nikamwambia.

"Mie nimekaa na mchicha wangu."

"Wifi."

"Nini?"

"Wifi!"

Akaweka ungo chini. "Nilitaka apumzike," akasema. "Ule ukungu ulinitoa roho. Nikaenda kwa shehe, akaniandikia kombe."

Kombe ni ile sahani nyeupe inayoandikwa aya kwa zafarani, halafu inaoshwa kwa marashi, mgonjwa anakunywa. Na ni dawa nzuri, mie mwenyewe nimekunywa mara nyingi. Lakini gari?

Mjukuu kashika kiuno. "Bibi mkubwa. Ukalifanyaje hilo kombe?"

"Kombe si linanywewa? Nikalinywesha gari."

"Kwenye breki?"

"Mie najua ni breki? Nilifunua hapo mbele, si nilikuwa namwona ndugu yangu anavyovuta kile kidude. Nikatafuta linapokunywa."

"Si afadhali hata ungetia kwenye rejeta, kwenye maji!"

"Ile rejeta iliyombabua ndugu yangu mkono mbele ya macho yangu? Nikaifungue mie? Thubutu! Nikaona hicho kichupa, cheupe, kisafi, kimepungua. Nikajua hiki ndicho cha dawa. Nikakijaza taratibu, na bismillahi. Yaliyobaki nikanyunyizia nyunyizia."

Nilicheka! Nilicheka mpaka ndoo ikapinduka. Mjukuu naye kakaa chini kaegemea tairi, anafuta machozi kwa mkono wenye grisi. Akatueleza: breki inataka mafuta yake matupu, maji yakiingia, ukitembea mtaani huoni kitu, ila ukishuka kilima ukakanyaga kanyaga, breki zinapata moto, yale maji yanachemka yanakuwa mvuke. Na mvuke unabonyea. Ndiyo mguu unazama. Akasema, "Na mie nimepita hapo, nimeona kichupa kimejaa, nikaridhika. Kumbe kimejaa kombe!"

Halafu kicheko changu kikakatika katikati. Maana nilikuwa nimeelewa. Kama marashi ni ya wifi, basi si yake yeye. Zile asubuhi zote dirishani nimevuta sahani ya shehe.

"Na ule ukungu?" nikamuuliza mjukuu.

"Upi?"

"Wa kioo. Upande wake."

Akaenda akafungua mlango, akabonyeza kapeti pale chini ya siti, maji yakachuruzika. "Raba ya mlango imechoka, bibi. Mvua inaingia huku. Usiku kioo kikipoa yanapanda yan..."

"Funga mdomo," nikamwambia.

Akafunga. Alinielewa, yule mtoto. Wifi naye akanitazama, akachukua ungo wake akaendelea na mchicha, safari hii amenyamaza kwa wema.

Kazi ikaanza. Mjukuu akayanyonya yale mafuta kwenye kichupa kwa bomba la sindano, akataka kuyamwaga pale pembeni penye mchanga. Wifi akaruka. "Usimwage hapo panapopita watu! Hiyo ni aya!" Mjukuu anasema hii ni sumu, bibi, ikigusa rangi inababua, wifi anasema sumu utasema wewe. Ikabidi yatiwe kwenye kidumu chenye mfuniko, mafuta yote tutakayotoa, na wifi akakaa na kidumu mapajani kama kapakata mtoto, mpaka lichimbwe shimo kule kona ya ukuta, ambako hakanyagi mtu wala kuku. Nikasema hili gari sasa linafanyiwa mazishi bila kufa.

Mafuta mapya yakatiwa. Sasa inabaki kutoa ya zamani yaliyomo kwenye mabomba, na upepo utoke. Na hiyo, mjukuu akasema, ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa ndani anakanyaga, mwingine yuko chini kwenye tairi na spana, anafungua kiskurubu, yanatoka kwa kimpira kwenda kwenye chupa, anafunga. Kikiwa wazi, wa juu asiachie. Akiachia tu, bomba linavuta upepo, kazi inarudi mwanzo.

"Niende kumwita jirani?" akauliza.

"Umwite wa nini? Mie kazi yangu hiyo."

Maana nilikuwaga naifanya! Mume wangu alikuwa hataki fundi aguse gari lake. Ikifika siku ya breki ananiita jikoni, nakuja na mikono ya unga, nakaa kwenye siti, yeye analala kule chini. Anasema kanyaga, nakanyaga. Anasema shikilia, nashikilia. Na akishafunga hasemi achia kama watu wengine. Anasema, "Haya, binti wa watu." Hivyo tu. Ndiyo naachia. Mie nikiwa nimeolewa sina muda alikuwa ananiita hivyo, binti wa watu, kwamba kakabidhiwa mtoto wa watu asije akamharibu. Tukazeeka, aliniita hivyo hivyo.

Basi nikaingia kwenye gari, kwa mara ya kwanza tangu afe nikakaa kwenye shimo lake. Nikalijaza! Tena lilinishika, huku ubavuni. Mjukuu akaanzia tairi la nyuma kushoto, ndilo la mbali, linaanzwa hilo.

"Kanyaga, bibi. Kanyaga. Kanyaga. Shikilia!"

"Nimeshika."

Nasikia spana inalia. Mguu unazama taratibu, yanatoka. Jua linapiga kioo. Nikasikia, kule nyuma kushoto, chini kwenye mchanga, "Haya, binti wa watu."

Nikaachia.

"Bibi! Mbona umeachia?"

"Si umesema?"

"Sijasema kitu mie! Nimeshika spana mdomo umefungwa!"

Nikamtazama wifi barazani. Kakumbatia kidumu chake, hajatikisika. Hakuwa kasema yeye. Na sauti ya wifi naijua.

"Samahani," nikasema. "Turudie."

Tukarudia. Kanyaga, kanyaga, shikilia. Mguu unazama. Mie natega sikio, nimekaza meno. Nikasikia tena. Taratibu, na ule mkwaruzo wa kifua chake cha mwisho mwisho, "Haya, binti wa watu." Na mguu wangu ukapanda wenyewe! Sikuutuma. Miaka yote ile umefundishwa sauti moja, utaukatazaje?

Mjukuu akaja dirishani, kapakwa mafuta mpaka kidevuni. Hakukasirika. Akanitazama, akaona uso wangu.

"Nani anakwambia uachie?"

"Mume wetu."

Akatazama kule kwenye tairi alikotoka, na nikaona hatamani kurudi. "Anasema nini?"

Nikamwambia. Wifi kule barazani akaanza kusoma kwa sauti ya chini, halafu akapaza, "Niliwaambia hajaondoka! Mliponicheka mlidhani mie mjinga! Kombe limebakia kidogo kwenye kidumu, tukimrudishia..."

"Bibi mkubwa, usithubutu!" mjukuu akampigia kelele, na sote tukacheka kicheko kile cha watu wenye hofu.

Akanigeukia, akaegemea mlango. "Bibi, nimwite jirani akanyage?"

"Hapana."

"Kesho baba anakuja. Ukiachia kila akikwambia, breki haitasimama mpaka kesho. Watalikata, na yeye humo humo."

"Najua."

"Basi mwambie asubiri. Mwambie leo zamu ni ya mke mdogo."

Akaenda zake nyuma. Nikabaki mwenyewe mle ndani. Nikashika usukani, pale palipong'aa kwa viganja vyake, nikamwambia. Nisikufiche, nilimwambia kwa mdomo, si kwa moyo. Nikamwambia, mume wangu, sijawahi kukukatalia ukiwa chini ya gari. Leo nitakukatalia. Usinione nimebadilika.

"Kanyaga, bibi! Kanyaga! Kanyaga! Shikilia!"

"Nimeshika!"

Spana ikalia. Mguu ukazama, nikausindikiza mpaka chini, nikaukaza pale pale.

"Haya, binti wa watu."

Sikuachia. Paja linatetemeka, goti langu hili bovu linawaka.

"Haya, binti wa watu." Sasa kama anashangaa. Kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe, haelewi mbona haufunguliwi. Machozi yananitiririka mpaka kwenye shingo, nimekanyaga tu. Akaita tena, kwa mbali, si pale kwenye tairi, ni nyuma zaidi, kama kutokea ukutani. Na mie nimekanyaga.

"Achia, bibi!" Huyo sasa mjukuu.

Nikaachia.

Tukaendelea hivyo, tairi kwa tairi, mpaka yakatoka mafuta meupe safi, hayana harufu. Na kila tulipohama tairi nilisikiliza. Hakuita tena. Tulipomaliza mjukuu akaja, akanishika mguu kama ile siku ya Pugu, akaniambia kanyaga. Nikakanyaga. Pedeli ikashuka kidogo ikasimama. Ngumu, kama sakafu. Mjukuu akapiga kigelegele, wifi akaitikia kutoka barazani, na mie nikapiga changu, lakini kilitoka kimepasuka.

Jumapili mwanangu akaja, kaja na uso wa kazi. Akakaa kwenye siti, akakanyaga kama anaua nge. Mguu ukagota. Akakanyaga tena. Ukagota. Akamwita mwanawe wakaenda Pugu, wakapanda wakashuka. Mie nilikaa pale barazani na wifi, kila injini ikisikika njiani tunanyanyua shingo. Waliporudi mwanangu alizima gari hakuteremka. Kafungua mlango, kakaa tu, mkono kwenye usukani. Alikuwa kaegemea upande.

"Baba," mwanawe akamwambia, "umekaa kama babu."

Akajikusanya haraka, akashuka. "Libaki," akasema. "Ila raba ya mlango mkabadilishe, ndani kunanuka ukungu." Akanibusu mkono, akaenda zake Wazo.

Jioni, wifi kalala, nikatoka nikaenda kukaa kwenye gari. Nikakanyaga. Ngumu. Nikatega sikio kule nyuma kushoto. Kimya. Nikakanyaga tena, nikangoja. Nasikia muziki wa singeli kwenye harusi ya mtaa wa pili, nasikia mtoto anaogeshwa anapiga kelele. Yeye simsikii. Gari limebaki, mwenyewe sijui yuko wapi. Mjukuu akanifuata, akaingia siti ya pembeni, pale ninapokaaga mie.

"Unamtafuta?"

"Umenifukuzia mume, mke mwenzangu," nikamwambia. Nilitaka iwe mzaha, ikatoka vingine.

Hakucheka. Akajichokoa grisi kwenye kucha. Kisha akanieleza kwamba mafuta ya breki hayakai milele, yanachoka, lazima yabadilishwe tena, gari likiwa hai ni lazima. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, ile migumu.

"Sitamwita jirani," akasema. "Sitamwita fundi mwenzangu wala nini. Nitakuita wewe. Utakaa hapo, mie nitakwenda kulala kule kwenye tairi la nyuma, na kabla sijagusa spana nitanyamaza. Nitanyamaza tu, bibi, hata kama jua linanichoma, hata kama kuna watu wananingoja. Sitasema kanyaga mpaka wewe mwenyewe uniambie kwamba umeshamsikiliza vya kutosha. Nakuahidi."